Mwacha Asili ni Mtumwa

Juma hili twataka kuipima methali hii ya wazee wetu kwa sinema moja ya katuni ambayo jamaa nyingi huitazama pamoja na watoto wao. Ni The Lion King, iliyotolewa Marekani na kampuni ya Disney mwaka 1994, ikatengenezwa upya mwaka 2019.

Kisa chake ni chepesi. Simba, mwana wa mfalme, adanganywa na ami yake kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha babaye. Kwa aibu akimbilia ugenini. Huko apata marafiki wawili wanaomfundisha kusahau yaliyopita na kuishi bila wajibu. Mmoja wao aitwa Pumbaa, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa maana ya jina hilo. Hatimaye Rafiki, nyani mzee, ampeleka penye maji. Simba aiona sura yake mwenyewe, na ndani yake sura ya babaye. Ndipo arudipo nyumbani.

Angalieni vema: Simba hakujitungia utu mpya. Alikumbuka alichopewa, na kumbukumbu hiyo ikamtwika kazi.

Jambo hili lagusa sana pwani ya Kilwa na Lindi. Masimulizi ya kale ya Kilwa yamtaja Ali bin Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotekwa bara. Ndiyo maana katika pwani yetu wengi waliona fahari kutaja nasaba ya ng'ambo, na aibu kumtaja bibi aliyetoka bara. Lakini mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, zikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Walikuta kwamba damu ya Uajemi ilikuwamo kweli, nayo ililetwa hasa na akina baba. Akina mama walikuwa hasa Waafrika. Basi masimulizi hayakumzulia baba; yalimsahau mama.

Twasema wazi: utumwa ni dhambi yake aliyefunga mnyororo, wala si aibu yake aliyefungwa. Aibu ya Simba ilikuwa uongo aliotiwa na mwingine. Na aibu hii pia ni uongo.

Hata mwana mpotevu wa Injili aliokoka siku ile alipojirudi moyoni, akaikumbuka nyumba ya babaye, akaondoka kwenda. Nasi kwa Ubatizo tu wana wa Mungu. Neema hiyo haifuti ukoo wa mtu. Yamwezesha kuutaja bila kiburi na bila haya.

Basi, enyi wazazi, sinema ikiisha msiwaache watoto walale hivi hivi. Waulizeni: Simba alikimbia nini? Nani alimdanganya? Aliporudi, alirudia kazi gani? Kisha watajieni babu na bibi zao, wa upande wa baba na wa upande wa mama, na mahali walikotoka. Msipojua, waendeeni wazee wangali hai. Anzeni na jina la yule bibi asiyetajwa.