Chakula Kimfaacho Sungura wa Kufugwa

Katika hadithi za wazee wetu Sungura huwashinda Simba na Fisi kwa akili. Lakini sungura afugwaye katika kibanda hana hila yo yote: hula kile apewacho na bwana wake, na kosa la bwana wake huweza kumwua.

Mwaka jana mwanangu alikuwa na sungura wawili hapa Mwanjelwa. Ilipofika Agosti, majani yamekwisha kukauka, tukawalisha kabichi zilizotupwa sokoni pamoja na pumba nyingi za mahindi. Jioni moja mmoja wao akakataa kula, tumbo limevimba; kulipopambazuka tulimkuta amekufa. Mtoto akaniuliza, “Baba, alikuwa akishiba kila siku, amekufa kwa nini?” Sikuwa na jibu. Basi nikauliza wajuao, nami nawaandikia niliyojifunza.

Yafaa kwanza tuujue mwili wake. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, nayo hupunguzwa kwa kutafuna majani makavu. Nyuzinyuzi za majani hayo ndizo ziyasukumazo matumbo yasisimame. Hutoa choo cha namna mbili, kigumu na laini, na kile laini hukila tena ili apate nguvu iliyosalia ndani yake. Huo si ugonjwa, msimzuie. Tena hawezi kutapika. Akiisha kumeza kitu kibaya, hakirudi.

Basi mgawieni chakula hivi. Kwanza, majani makavu yawe kama sehemu nane katika kumi, wala yasikosekane usiku na mchana. Pili, majani mabichi kiasi cha konzi moja au mbili kwa siku: mchunga, kishona nguo, majani ya karoti. Yaliyolowa umande yaanikwe kidogo kwanza. Tatu, pumba zisizidi vijiko viwili, na zenye ukungu zitupwe. Nne, karoti yenyewe ina sukari nyingi. Apewe kipande kidogo tu, kama vile mtoto apewavyo peremende. Kabichi nayo ikizidi huleta hewa tumboni. Tano, maji safi kila siku, hata wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Jihadharini na sumu zilizo karibu nasi. Majani ya viazi mviringo, viazi vilivyogeuka kijani, na majani ya mparachichi pamoja na tunda lake, vyote humdhuru. Navyo Mbeya ni tele.

Mkitaka kubadili chakula, fanyeni polepole kwa muda wa siku saba hadi kumi, kwani haraka haraka haina baraka. Na sungura asiyekula kwa nusu siku apelekwe kwa bwana mifugo siku ile ile, msingoje kesho.

Jambo kubwa ni kujiwekea akiba. Mvua zikomapo mwezi wa Mei, kateni majani kabla hayajakomaa mno, yaanikeni, mkayahifadhi mahali pakavu penye hewa. Mwaka huu mwanangu amejaza magunia manne kwa mkono wake mwenyewe. Sungura wake aliyesalia yu mzima, naye hulifungua gunia kila asubuhi kabla ya kwenda shule.