Kabureta Iliyoziba Huua Mashine

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu u karibu, na wengi wetu tutawavusha wachumaji kwa boti za mashine. Msimu uliopita mashine ya mwenzetu mmoja ilizimika baina ya Fundo na Wete, watu tisa wamo ndani na maji yanatoka kwa kasi. Alhamdulillahi, ngalawa iliwavuta mpaka pwani. Fundi alipoifungua aliikuta pistoni imekwaruzika na kukwama ndani ya silinda. Mwenye boti akasema, "Oili nilitia, tena kwa kipimo." Ni kweli alitia. Basi kosa lilikuwa wapi?

Jawabu tulilipata mbali na bahari. Tulikwenda Moshi kuwazuru wakulima wa kahawa, ambao chama chao kikuu, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Huko Marangu tulionyeshwa pampu ya mgongoni yenye injini, ya kupulizia dawa mibuni. Injini ile ni ndugu ya mashine zetu nyingi za boti, kwani zote hutiwa oili ndani ya petroli. Nayo ilikuwa imekufa kifo kile kile, baada ya kulala miezi ikiwa na petroli ndani.

Kazi ya kabureta ni kupima petroli na hewa. Petroli hupita katika tundu jembamba sana liitwalo jeti. Petroli ikilala, sehemu yake nyepesi huruka, ukabaki utomvu unaonata, nao huganda ndani ya tundu.

Wengi wetu hudhani kabureta ikiziba mashine itapungua nguvu tu. Sivyo. Petroli ikipungua na hewa ikizidi, joto la ndani hupanda. Na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, oili nayo hupungua. Pistoni hutanuka pasipo na cha kuilainisha, ikakwama. Oili ya mwenzetu ilikuwamo tangini, lakini haikufika kwenye pistoni.

Kuna jambo jingine la mlimani. Mji wa Moshi uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, na Marangu iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na fundi huweza kutia jeti ndogo zaidi. Injini kama hiyo ikiteremshwa pwani itakosa petroli ya kutosha, hata kama kabureta ni safi. Basi anayenunua mashine iliyotumika bara, kama vile kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kusini ya Moshi, amwambie fundi aitazame jeti kwanza.

Dalili ni hizi: mashine hugoma kuwaka, hutetemeka ikienda polepole, hulegea ukiongeza mwendo, na ukivuta choki hupata nafuu. Fungua plagi uitazame. Ikiwa ya rangi ya kahawa, ni salama. Ikiwa nyeupe, joto limezidi. Ukiona hayo usilazimishe mwendo, rudi pwani.

Yafaa tufanye haya:

1. Petroli ichujwe kila inapotiwa, na chujio la mashine lisafishwe.
2. Oili ipimwe kama kitabu cha mashine kisemavyo. Nyingi hutaka lita 1 kwa lita 50 za petroli.
3. Kabla ya kuilaza mashine, chomoa mpira wa petroli, uiache iungurume mpaka izimike yenyewe. Lakini lazima iwe inapata maji ya kuipoza.
4. Jeti izibuliwe kwa dawa yake na upepo wa pampu. Usiichokoe kwa waya wa chuma, kwani tundu litapanuka na kipimo kitaharibika.
5. Makasia yawemo botini kila safari.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipozibua tundu utanunua mashine. Na mashine hununuliwa. Watu waliomo botini hawanunuliwi.

Wenu,
Katibu wa Chama