Dondoo Muhimu: Kurudi Kuvua kwa Mshipi Ukubwani

- Ruhusa: Ofisi ya uvuvi huulizwa kwanza kuhusu leseni. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam, ni maeneo tengefu. Kuvua huko ni marufuku.
- Vifaa: Mshipi wa nailoni uliopigwa na jua kwa miaka hukatika upesi, hivyo hununuliwa mpya. Ndoana ndogo, chubwi na chambo cha ngisi hutosha kwa changu.
- Maji: Bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na mkondo huwa mkali. Maji mafu humfaa zaidi anayeanza upya.
- Usalama: Mwamba hukanyagwa kwa viatu, na huachwa kabla maji hayajajaa.
- Samaki: Wachanga hurudishwa baharini wakiwa hai. Bunju ana sumu inayoua, haliwi.