Plastiki Mwilini na Suala la Uzazi



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, aliyezoea kuchinja hapa Masakta anajua kwamba tumboni mwa ng'ombe mara nyingine hukutwa mfuko wa nailoni. Mnyama aliumeza malishoni, na haukuoza. Somo letu leo ni plastiki inayoingia ndani yetu sisi bila kuonekana.

Plastiki haiozi kama jani. Jua na msuguano huikatakata, na kipande kisichofika milimita 5 huitwa maikroplastiki. Mwaka 2016 watafiti walieleza kuwa walinunua sangara 20 na sato 20 sokoni Mwanza, na plastiki ikathibitika katika samaki 1 kati ya 5.

Je, vipande hivyo hufika kwenye viungo vya uzazi? Ndiyo, vimekutwa huko. Italia walichunguza makondo ya nyuma ya wazazi 6, wakavikuta kwa 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mwaka 2024, watafiti wa New Mexico, Marekani, walipima korodani 23 za binadamu na 47 za mbwa. Zote zilikuwa na plastiki. Kwa mbwa, penye plastiki aina ya PVC nyingi mbegu zilikuwa chache. Za binadamu hazikuhesabika mbegu kwa jinsi zilivyohifadhiwa, kwa hiyo asitokee mtu akasema imethibitika kwamba plastiki huleta ugumba. Kinachotia hofu ni kemikali zinazochanganywa ndani yake, kama ftaleti na bisfenoli, ambazo huweza kuvuruga homoni.

Hapa niseme jambo. Ndoa ikikosa mtoto, sisi humtazama mke tu. Korodani hizo zilikuwa za wanaume! Wapimwe wote wawili.

Turudi jikoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni bado zipo, na wapo wanaofunikia wali nazo ili uive upesi. Joto ndilo linaloifanya plastiki itoe chembe na kemikali zake kwa wingi. Vivyo hivyo chai ya moto isimiminwe kwenye chupa ya maji ya dukani, wala kuni zisiwashwe kwa nailoni.

Mama mmoja aliniuliza, "Ustadhi, wali utaivaje bila nailoni?" Funika kwa sinia, upalie makaa juu, kama walivyopika bibi zetu.