Ujuzi, Ustadi na Stadi: Maana na Matumizi

Utangulizi

Maneno ujuzi, ustadi na stadi husikika kila siku madarasani, katika karakana na katika matangazo ya kazi. Wengi huyachukua kuwa visawe kamili. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kila neno lina mipaka yake, na kwamba kuipuuza mipaka hiyo humpotezea mwanafunzi alama na huweza kumpotezea mfanyakazi haki yake.

Ujuzi na jamaa zake

Nomino ujuzi inatokana na kitenzi jua. Kitenzi hicho hicho kimezaa ujuvi na ujuaji. Hawa ni ndugu wa tumbo moja wasiofanana tabia. Mjuzi anajua kutenda jambo, na kazi yake humshuhudia. Mjuvi ni mtu fidhuli, ajitiaye kujua. Mjuaji, hasa katika mazungumzo ya Kenya, ni yule anayejidai kujua kila kitu. Kwa hivyo, anayeandika "tunamhitaji fundi mwenye ujuvi" amebadilisha herufi moja tu, lakini ameomba aletewe mfidhuli.

Aidha, ujuzi si sawa na maarifa wala kipawa. Mtu aweza kupata maarifa ya kuogelea kitabuni. Ujuzi wenyewe ataupata majini. Kipawa nacho, kama kitenzi pa kinavyodokeza, ni kitu ambacho mtu amepewa. Kipawa hupewa, ujuzi hutafutwa.

Ustadi na stadi

Asili ya maneno haya ni ustad, neno la Kiajemi lenye maana ya mwalimu au bingwa wa kazi, ambalo liliingia pia katika Kiarabu. Ustadhi ni jamaa yake. Yaelekea wasemaji waliichukulia u ya mwanzo kuwa kiambishi cha nomino dhahania, kama katika uzuri, ndipo stadi ikajitenga na kuwa sifa. Mchakato kama huo uliifanya ki ya kitabu, neno la Kiarabu, ionekane kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu.

Matumizi ya leo ni haya:

(a) Stadi, kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho: fundi stadi, mafundi stadi.

(b) Ustadi, nomino dhahania inayotaja ubora wa utendaji: Ameuchonga mlango kwa ustadi. Kila aliye stadi ni mjuzi, lakini si kila mjuzi aliye stadi.

(c) Stadi, nomino ya ngeli ya I-ZI, yaani uwezo mahususi unaoweza kufunzwa na kupimwa: stadi nne za lugha ni kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kusema "ustadi nne za lugha" ni kosa la upatanisho.

Neno umilisi ni pana zaidi. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka wa 2019, neno hili hurejelea uwezo wa kutumia maarifa, stadi na maadili kwa pamoja.

Ujuzi, tajriba na cheti

Matangazo ya kazi hudai "ujuzi wa miaka mitano". Kinachohesabiwa kwa miaka ni tajriba. Uzoefu pia si ujuzi, kwani mtu aweza kuzoea hata kukosea.

Kosa zito zaidi ni kulifanya neno ujuzi kuwa kisawe cha cheti. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hufua masanduku ya bati na majiko, na wengi wao walijifunza kwa kutazama na kutenda. Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ndivyo ujuzi ulivyorithishwa kabla ya vyeti. Kumwita fundi wa aina hiyo "mfanyakazi asiye na ujuzi" kwa kuwa hana karatasi ni kupotosha lugha, na upotoshaji huo hushusha ujira wake. Aitwe asiye na cheti, kwa maana hilo ndilo la kweli.

Hitimisho

Cheti huthibitisha ujuzi, hakiuzai. Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuyatumia maneno haya kwa uangalifu.

Zoezi

Jaza pengo kwa ujuzi, ustadi, stadi au tajriba:

1. Amefunza kwa miaka kumi. Ana ______ ya kutosha.
2. ______ ya kusikiliza hufunzwa mapema.
3. Mkeka huu umesukwa kwa ______ mkubwa.
4. Hana cheti, lakini ______ wake wa useremala hauna shaka.