Sumu ya Taka za Kielektroniki: Jinsi Inavyofika Mezani

Simu, kompyuta na betri zilizochakaa zina madini ya risasi. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, plastiki yake hutoa dioksini. Sumu hizi hutua ardhini, kuku huzidonoa pamoja na udongo, nazo hujikusanya katika mayai. Kuyachemsha au kuyakaanga hakuziondoi.

Ripoti ya mwaka 2019 ilieleza yai la kuku wa kienyeji lililopimwa Agbogbloshie, Ghana, palipochomwa taka hizo. Mtu mzima akila yai moja kama hilo hupita mara 220 kiwango cha dioksini kinachovumilika kwa siku barani Ulaya. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Kwa kaya za Ruwi:

• Msichome nyaya wala kuvunja betri nyumbani.
• Fundi au mfanyakazi wa vyuma chakavu anawe mikono kabla ya kula, na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.
• Msile mayai ya kuku wanaochakura panapochomwa taka. Waelezeni na jamaa walioko nyumbani Afrika Mashariki.
• Mtoto asishinde na njaa, kwani tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Mpeni maziwa, dagaa na maharage.
• Mama aendelee kunyonyesha.

Risasi haina kiwango salama, na mtoto aliyedhurika huenda asioneshe dalili. Mkiwa na shaka, ombeni kituo cha afya kipime damu yake.