Dondoo muhimu: Mbwa anapojikuna bila kukoma

Usikimbilie kulaumu chakula. Pekua kwanza manyoya karibu na mkia: vumbi jeusi linaloacha wekundu kwenye pamba yenye maji ni kinyesi cha viroboto. Waangamize hao kabla ya lolote.

Kama bado analamba nyayo na masikio yanamwasha, shuku nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa au ngano. Kwa wiki 8 mpe nyama moja tu ambayo hajawahi kula, labda sungura, pamoja na viazi vya kuchemsha, bila kitunguu kabisa. Kitunguu ni sumu kwake. Watoto waambiwe mapema wasimpe kitu kingine, maana kipande kimoja cha mkate huharibu jaribio zima. Akipona, rudisha chakula cha zamani: muwasho ukirejea ndani ya siku 14, umempata mkosaji. Ngozi ikitoa usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.